Baba Alipobaki Njiani

Juzi, niliporudi Kisumu na cheti changu cha chuo, nilivua kofia mbele ya mlango uliofungwa wa ofisi ya mkuu wa wilaya, nilikokwenda kuomba kazi. Ndani hamkuwa na mtu. Tangu hapo najiuliza nilikuwa namvulia nani, na kila jibu linanirudisha utotoni, soko la Kombewa.

Wewe unayeijua harufu ya samaki walioanikwa baada ya mvua utanielewa. Nyumbani mama alisaga mtama alfajiri, na baba akaimba chini chini huku akisuka kofia za matete. Alikuwa mtu wa heshima zake. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani: wakikutana njiani, kila mmoja huingia nyasini upande wake. Baba na nyanya, aliyemzaa mama, walikwepana hivyo miaka yote, na upendo wao ulikuwa humo.

Siku moja ya soko askari wa chifu alipita, na baba, mikono imejaa kofia za kuuza, hakuivua yake upesi kama ilivyoamriwa.

"Wewe mzee, hiyo kofia imeota mizizi?" Askari alikuwa kijana wa kuweza kuwa mwanawe. "Haya, ruka kichura. Wazunguke wauza samaki wote."

"Mwanangu, mama mkwe wangu yuko pale," baba alisema taratibu. "Nipeleke kwingine popote, nitaruka."

"Vizuri. Naye ajue binti yake ameolewa na chura."

Watu walicheka, hata waliokuwa wakituita ndugu. Baba aliruka. Hakufika mbali, fundo la blanketi alilovaa likafunguka begani, naye hakuwa na kingine mwilini. Nyanya akajifunika uso kwa ungo.

Jioni nyanya alimtuma mama kwa baba: "Mwambie sikuona kitu. Vumbi lilikuwa jingi." Mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Baba alisikia, akasukuma ugali pembeni. Pengine huruma ile ilimvunja kuliko askari. Pengine angetukanwa ingekuwa nafuu. Sijui.

Hakusuka kofia tena. Baada ya mavuno tulikutana na nyanya njiani. Yeye aliingia nyasini kama kawaida, akangoja. Baba alibaki katikati ya njia, kichwa wazi, macho chini, kama anayesubiri kuamriwa. Nilimvuta mkono ndipo akasogea.

Wote wawili wamekufa. Njia ile sasa ni barabara ya motokaa, nyasi zimefyekwa, wala hakuna pa kumpishia mtu. Kesho nitarudi ofisini, kofia ikiwa kichwani. Nimeapa. Lakini hata juzi nilikuwa nimeapa.