Nilivyomuuzia Ngosha Pikapu kwa Mdomo

Naapa kwa kaburi la mke wangu Hellen, haya yote ni kweli tupu.

Wanaonifahamu hapa Kigongo watacheka. Ndiyo, niliwahi kusimulia kwamba kiboko alipanda kivuko akagoma kulipa nauli. Ile nilitia chumvi. Hii haina chumvi hata punje.

Niliuza pikapu yangu mbele ya trafiki, sikupokea hata senti, na mnunuzi hakujua kama ananunua.

Subiri kwanza.

Mimi ni Luhende, mstaafu. Nilikuwa mfunga kamba kwenye kivuko. Watu walikaa foleni, na mtu wa foleni husikiliza chochote. Daraja lilipofunguliwa, magari yakawa yanapita vuuu! Hakuna anayesimama.

Geti langu likabaki kugongwa kwa sababu moja tu: ile pikapu.

"Shikamoo mzee. Tunaomba gari, tuna msiba."

"Marahaba. Ingia kwanza unywe chai."

Akinywa, nampigia stori. Chai ikiisha, natoa funguo. Nilikuwa napika chai nyingi sana.

Bima? Ilikwisha mwezi aliofariki Hellen. Yeye ndiye aliyekuwa anakumbuka mambo hayo.

Siku moja jirani yangu Ngosha akaja, anataka kubeba masufuria ya msibani.

"Baba, bima ipo?"

"Wewe endesha bwana!"

Hata vikombe sijaosha, simu ikaita. Ng'ombe kaingia barabarani, Ngosha kamkwepa, kamparamia Wilhelmina, mama aliyekuwa anaanika dagaa pembeni. Mguu umevunjika.

Aisee, kimenuka.

Kituo cha polisi nikamkuta Ngosha kwenye benchi. Kando yake Revocatus, mume wa Wilhelmina, shati lina damu.

"Mke wangu anatakiwa kupasuliwa. Nani analipa?"

Trafiki akajibu taratibu, "Bima hakuna. Kwa hiyo dereva atajibu. Na mwenye gari, aliyetoa funguo huku anajua halina bima, naye atajibu. Gari la nani?"

Nikageuza uso.

Dirishani niliiona pikapu, pua imebonyea. Nikawaza: nikilipa mimi, inauzwa, na lile geti litabaki kutwa nzima bila hodi.

Mdomo ukanitangulia.

"La Ngosha. Nilishamuuzia."

Nikamruka kimanga, kijana wa watu anayeniita baba!

Ngosha akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma. Akamgeukia Revocatus.

"Sawa kaka. Mzee kasema ni langu. Tafuta mteja leo hii hii, hela yote ipeleke hospitali. Afande, wewe shahidi."

Akatoa funguo mfukoni. Revocatus akanyoosha mkono.

"Wee! Rudisha! Gari langu hilo!"

Ni mimi huyo, nimesimama juu kama jogoo.

Trafiki akaweka kalamu chini. "Mzee, si ulishauza?"

"Mnunuzi gani huyo? Hata senti hajanipa!"

Kituo kizima kikaangua kicheko. Revocatus peke yake hakucheka.

Nilipomwona hacheki, nikavuta kiti. Nikakaa. Nikasema, "Afande, andika. Gari langu, bima sina, funguo nilitoa mimi."

Pikapu ikauzwa. Ngosha naye akauza fahali wake. Wilhelmina alipasuliwa, sasa anatembea na gongo. Kila nikipata pensheni nampelekea fungu lake. Anapokea mlangoni, anasema asante, anafunga.

Ngosha hapiti tena kwangu. Anazunguka nyuma ya kanisa, njia ndefu yenye matope, ili asilione geti langu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi humu mtandaoni.

Wewe mwenye gari, nisikilize mzee wako. Bima ikiisha, gari lilale. Ukimpa mtu funguo, umeingia naye barabarani hata kama umebaki nyumbani unakunywa chai. Na akigonga, simama naye.

Mguu wa Wilhelmina naulipia. Ngosha sijui nimlipe nini.