Mafuta ya Midomoni

Enzi zetu (cheka tu, hata kidato cha tatu kina enzi zake) hakuna mtoto wa plot yetu pale Dandora aliyetoka kucheza kabla ya kupaka mafuta midomoni. Si ya kujipaka, ni yale ya kupikia. Umeshinda na strungi, chai isiyo na maziwa, na ugali wa jana, lakini mdomo unang'aa kama wa mtu aliyetoka soko la nyama la Burma kupigana na mbavu za mbuzi. Mathee, mama yetu, alitufunza mapema: "Ukiulizwa umekula nini, sema nyama. Njaa yetu si ya majirani." Watoto wa siku hizi wanaposti mtandaoni chipo za wenzao, wanadhani wamevumbua uongo.

Mdogo wangu Mwendwa alikuwa na miaka miwili. Nilimpaka pia. Alilamba yote akicheka, nikampaka tena.

Kisha akaanza kuganda. Yuko katikati ya kicheko, macho yanapanda juu, mikono inatetemeka. Sisi wacheza bano, zile gololi, tuliita "stima imepotea", tukangoja irudi. Na ilirudi. Siku ilipokataa, mathee alimbeba mbio hadi kliniki, mimi nyuma na kiatu kimoja. Cha pili jirani alikuwa amenivua amnusishe mtoto, ati ndiyo dawa ya kifafa. Na vile miguu yangu ilinuka, nilimwamini.

Nesi akamuuliza mathee mtoto anakula nini nyumbani. Mathee akatazama sakafu. Alikuwa karibu kusema ukweli, niliona. Mimi bingwa nikadakia.

"Sista, sisi ni watu wa nyama. Jana ilikuwa choma. Na mayai, na maziwa."

Nesi akacheka. "Basi mimi nahamia kwenu. Ni kweli, mama?"

Mathee alinitazama, akatazama mdomo wa Mwendwa unavyong'aa. "Anakula vizuri, sista."

Ikaandikwa hivyo. Tukapewa dawa, tukaenda. Stima ikaendelea kupotea, na kila ikirudi, inarudi na mwanga uliopungua.

Miaka miwili baadaye daktari wa hospitali nyingine aliuliza lile swali. Mathee akasema strungi, ugali, strungi. Damu ikapimwa, ikakutwa na upungufu. Daktari alieleza kwamba kuna degedege za watoto zinazoweza kuletwa na upungufu wa lishe, na kuna zisizohusiana nao kabisa. Hii yetu, hakuweza kujua tena. Ingepimwa mapema, labda. Hiyo labda ndiyo nalala nayo.

Siku hizi mathee ana kazi, mayai yapo. Mwendwa ana miaka tisa. Kila asubuhi kabla sijaenda shule nampondea yai, namlisha kwa kijiko, namwambia vichekesho vyangu vyote vya darasani. Mdomo wake unang'aa, na safari hii si uongo. Lakini zamani alilamba akicheka. Sasa yai linashuka tu kidevuni, nami nampangusa.