Tangazo la Tatu

Ndoa ya mdogo wangu ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani Jumapili mbili, ilibaki moja. Ndipo mwenye duka mmoja wa Karatu alipomnong'oneza kwamba mchumba wake, dereva wa watalii, ana mke kwao Endulen.

"Kaka, mchunguze," aliniambia. "Wewe hata chumvi unaidai ushahidi. Leo ndiyo siku yako."

Rafiki yangu anayesajili laini za simu alijitolea kunichungulia mawasiliano ya yule bwana. Nilikataa. Siri ya mtu haigeuki halali kwa sababu anayeitaka ni kaka wa bibi harusi. Rejesta ya ndoa ni jambo jingine: ni kumbukumbu ya umma, huombwa kwa utaratibu na kwa sababu inayotajwa. Hata hivyo nilitaka mchumba aambiwe kwanza. Aliambiwa.

"Shemeji atafute tu," akasema, akacheka. Kicheko kile nilikipima siku nzima.

Niliomba, na jibu la msajili wa ndoa lilikuwa fupi: hakuna ndoa iliyoandikishwa kwa jina hilo. Mdogo wangu akapiga kigelegele palepale nje ya ofisi. Mimi niliisoma sentensi upya. Iliyoandikishwa. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa imetoka kurudishwa kwa kosa la namna hiyo, la kuufanya ukimya wa nyaraka kuwa jibu. Hapa nilikuwa na hakika kwamba ukimya si jibu. Kwa wafugaji wa Endulen ndoa hufungwa kwa ng'ombe mbele ya wazee, na wengi hawafiki kwa msajili.

"Swali lililobaki si la ofisi," nilimwambia. "Muulize mwenyewe: ng'ombe wake wamelala boma la nani?"

Alimuuliza jioni, nyumbani, nikiwapo. Mchumba akaweka kikombe chini.

"Wapo kwa baba wa msichana mmoja."

"Basi ni mkeo."

"Wazee wa kwetu watasema ndiyo. Mimi nilisema hapana, nikaja mjini."

"Na yeye alisemaje?"

"Sijamuuliza."

Mdogo wangu akamwongezea chai, taratibu, bila kumwaga.

"Nenda kamuulize. Paroko nitamwambia mimi."

Jumapili matangazo yalisomwa, ndoa yake haikutajwa. Watu waligeuza shingo. Naye alikuwa benchi la mbele, ameshika kitabu cha nyimbo, akiimba kwa sauti iliyoizidi kwaya.