Nyumba ya Nailoni Niliyoifukiza Ubani

Siku hizi nikipita dukani hapa Tongoni watu wanakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, ni cha makusudi, khe khe, halafu wanatazama pembeni kama hawakufanya neno, na mie najua wanakohoa kwa nini, na wao wanajua kuwa najua, basi nimeona bora niieleze mwenyewe hiyo fedheha yangu, maana nikiwaachia wao kila anayesimulia ananivua nguo moja zaidi, na ukweli ni kwamba siku ile nilikuwa na nguo zangu zote mwilini, ila hazikuwa zote mahali pake.

Mie ni Bi Mwanamvua. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa kazi ya mikono simwogopi mtu. Nyumba ninayolala nimeikandika mwenyewe, ua wa makuti nimeufunga mwenyewe, na wajukuu zangu wote wameupitia mgongo huu, mpaka yule aliyeko chuo sasa hivi anayejifanya hakumbuki. Mzee wangu ametangulia mbele ya haki, watoto wako Tanga mjini na wengine Dar es Salaam, uani kwangu kukabaki kisima, kuku na ukimya. Nautaja huo ukimya kwa sababu ndio ulionitia katika mambo yote haya.

Akina mama tuna kikundi chetu cha kulima nyanya. Masika, nyanya ya huku pwani haina maisha, mvua inaipiga, majani yanaingia ukungu, unaamka asubuhi unakuta mche umelala kama mlevi. Basi bwana shamba (kijana wa Kishambaa, katokea juu kule upande wa Amani, ana adabu hata mti angeuamkia shikamoo) akatuambia tujenge kitalu nyumba, yaani mabomba ya plastiki ya maji unayapinda kama upinde, unayapanga mstari, unayavika nailoni juu, ubavuni chini unaacha dirisha la neti, na miche ya kikundi kizima inalelewa humo mpaka ikomae. Sisi tukaiita nyumba ya nailoni.

Sasa swali likawa, ijengwe kwa nani? Nyumba ikiwa uani kwako, kila alfajiri akina mama wanakuja kumwagilia, wanakuja na maneno yao na vicheko vyao na sufuria ya uji, na uani kwako kunakuwa mahali pa watu. Mie niliitaka nyumba ile kuliko nilivyozitaka nyanya zenyewe, nasema kweli. Na jirani yangu Bi Mwanakombo, tunayetenganishwa naye na ua wa makuti tu, naye aliitaka.

"Mie ninacho kisima," nikasema kikaoni.

"Na tope unalo," Mwanakombo akajibu. "Kwako maji yanatuama, shoga, mvua ikinyesha bata wako wanafurahi kuliko wewe."

Wakacheka, lakini kisima ni kisima, wakanipa mie. Ila wakaweka sharti, nyumba ikipata hitilafu kwangu, basi inahamia kwa Mwanakombo, na miche pamoja nayo. Na Mwanakombo tangu siku hiyo akawa anamwaga mchanga uani kwake na kuusawazisha, kila siku kidogo, mie namsikia tu upande wa pili wa makuti, kwaru, kwaru, kwaru.

Nikajenga. Wenzangu walisaidia kushika, lakini kujenga nilijenga mie. Vipande vya nondo tulivipigilia chini pande mbili, mabomba nikayapinda na kuyavisha juu ya nondo, upande huu na huu, na kwenye maungio nikafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, maana waya ungeitoboa nailoni (hilo nililiwaza mwenyewe, bwana shamba akanisifu mbele za watu, na Mwanakombo alikuwapo). Mlango ukawa pazia la nailoni hiyo hiyo, unalifunga kwa kamba ya usumba wa nazi. Bwana shamba akasema tumalizie kwa kuyakaza mabomba kwenye nondo na kuzifukia kingo za nailoni kwenye mtaro, upepo usije ukaingia chini. Nikamwambia, "Mwanangu, tutafukia baada ya kufungua, siku ya wageni nataka kingo zionekane zimenyooka." Akasema haya bibi. Kijana mwenye adabu sana ana hasara zake.

Miche ikaingizwa ndani na viriba vyake, imesimama mistari kwa mistari, kijani kibichi. Siku ya ufunguzi mwenyekiti wa kijiji aje aone, halafu miche ikikomaa tugawane, kila mtu na shamba lake.

Ndipo asubuhi ile, nimeshaoga, nimeshavaa gauni langu la sikukuu na kanga mpya, nikaitazama ile nyumba nikaona ina upungufu. Haijafukizwa! Nani kwetu anaingia nyumba mpya bila kuifukiza ubani? Bwana shamba alishatuonya tusipike karibu wala mtu asije na sigara, lakini chetezo sikukihesabu, mie kwangu chetezo ni kitu cha heri, wala halikunijia wazo kwamba ndani ya ile heri kuna makaa yanayowaka. Nikatia makaa, nikatia ubani na kipande cha udi nilichokuwa nimekificha kabatini tangu harusi ya binti yangu wa mwisho, nikaingia nacho.

Na nyumba ukiifukiza unaifunga, moshi usitoke. Nikalishusha pazia, nikalifunga kwa ndani, tena nikapiga fundo lile la kufungia mbuzi, kwa sababu Mwanakombo hajui kupiga hodi. Nikaliziba na dirisha la neti kwa magunia. Moshi ukaanza kupanda polepole, unafuata yale mapinde, harufu ikajaa, nami moyo ukatulia kama niko chumbani kwangu. Ndiyo, chumbani. Hapo ndipo akili iliponiacha. Nikasema udi mzuri huu usipotee bure, wageni waje niwe nanukia. Nikakiweka chetezo chini, nikapandisha gauni mpaka magotini na kulichomeka kiunoni, nikasimama juu yake miguu huku na huku, nikaitandaza kanga kuzunguka kama tufanyavyo wanawake tukiwa peke yetu, macho nimefumba, naimba polepole.

Nailoni ile, ndugu zangu, inapitisha mwanga. Ndiyo kazi yake. Jua la asubuhi linapiga upande wa pili, na mie nimesimama katikati.

Nikasikia sauti ya bwana shamba huko nje, chini chini, "Samahani, bibi anafanya nini?"

Halafu mwenyekiti, "Astaghfirullah. Geukeni. Geukeni nyote."

Halafu Mwanakombo, ambaye hajawahi kusema kitu chini chini tangu azaliwe, "Moto! Moshi ule, hamuoni? Mwanamvua anaungua na miche yetu!"

Nikashtuka, mguu ukakipiga chetezo. Makaa yakatawanyika, moja likabingirika mpaka kwenye nailoni ubavuni, na nailoni haikuwaka, ilijikunja tu na kunuka, tundu likafunguka taratibu, kama kikombe, kama bakuli, kama sahani. Nikalikanyaga kaa kwa ndara (ndara ikaganda, nikabaki na mguu mtupu), nikachota udongo nikayafukia mengine. Moto ukawa umekwisha. Kama wangeniacha dakika mbili pale hadithi ingeishia hapo, ningesema ni tundu la panya.

Lakini huko nje walishakimbilia kisimani kwangu. Ndoo ya kwanza ikarushwa, paa! Maji yakaipiga nailoni upande usio na tundu, yakateleza yakawarudia waliorusha. Ya pili vile vile. Akina mama wakalowa na nguo zao za ufunguzi, na humu ndani halikuingia hata tone, nami ndani ya moshi ule, machozi yananitoka, kifua kinanibana, nikajisikia nasema kwa fahari, "Mmeona? Haivuji!"

"Toka, wewe!" Mwanakombo akapiga kelele.

Nikaliendea lile fundo. Fundo la mbuzi, kamba ya usumba, macho hayaoni. Halifunguki. Nikasikia mmoja wa wanaume waliokuja na mwenyekiti anasema leteni panga tuikate nailoni. Hapo nikapata nguvu. "Usikate!" nikapiga kelele huku nakohoa. "Atakayeikata nailoni ya kikundi atanijua! Inueni! Mabomba hayakukazwa, inueni juu nitoke!"

Maneno hayo niliyasema mie, kwa mdomo wangu, hakuna aliyenishauri.

Wanaume wakaizunguka, mwenyekiti mwenyewe akiwemo (kinyumenyume, hakutaka kunitazama), wakahesabu moja mbili tatu, na nyumba nzima ikachomoka kwenye nondo kama unavyomfunua kuku kwenye tenga. Moshi wote ukapaa kwa mara moja. Na mie katikati ya miche, ndara moja, gauni kiunoni, magoti yangu haya ya uzee nje mbele ya mwenyekiti na kikundi na bwana shamba, nimejaa masizi usoni, nanukia udi kuliko bibi harusi.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwanakombo alivua kanga yake ya juu, iliyolowa chapachapa, akaja akanizungushia kiunoni, akaninong'oneza, "Shusha gauni, shoga." Basi.

Nikadhani fedheha imefika mwisho. Kumbe wale wanaume bado wameibeba nyumba juu juu, na upepo unatoka baharini, na wingu lilikuwa limeshatanda, hakuna aliyelitazama. Upepo ukaingia chini ya nailoni. Ikavimba. Wakaanza kutembea, kisha wakaanza kukimbia, si kwa kupenda kwao, wanaifuata nyumba huku wameishika, mmoja anaita "Iachieni!" mwingine anaita "Msiiachie!", wakaupitia ua wangu wa makuti nilioufunga mwenyewe, wakaulaza chini wote, na nyumba ya nailoni ikaenda ikatua kwa Mwanakombo. Juu ya ule mchanga wake. Imenyooka, utadhani imepimwa.

Na mvua ikashuka pale pale.

Miche ilikuwa nje, uchi kama nilivyokuwa mie muda mfupi nyuma, na mvua ya masika ikiipiga saa moja tu hakuna mche. Wenzangu walinitazama. Ile miche ilikuwa ndiyo msimu wao, wote, na kila mmoja alishalima akisubiri. Ningeweza kusema irudisheni nyumba kwangu, nondo zipo. Kinywa kilitaka kusema hivyo, wallahi kilitaka. Lakini nilivyotazama chini maji yalishaanza kutuama miguuni pangu, na bata wangu wanakuja.

"Ipelekeni miche kwa Mwanakombo," nikasema. "Upesi!"

Tukaibeba kwa masinia, kwa nyungo, kwa mabeseni, kwa kanga, tukipita juu ya makuti yaliyolala, mie na ndara yangu moja. Ya pembeni iliyokaribia makaa ilikufa, mingine ikapona. Bwana shamba alikuwa amepiga magoti kwenye mvua, anapigilia nondo zilizong'olewa kwangu, anakaza mabomba na kufukia kingo, hakuna aliyemwambia asubiri, nami nikamsogezea udongo kwa mikono bila kunyanyua uso. Namshukuru Mungu kwa jambo moja, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na simu zote zilikuwa zimezima, la sivyo magoti yangu yangefika Dar es Salaam kabla ya magharibi, kwa wanangu.

Nyumba imebaki kwa Mwanakombo. Sharti ni sharti, sikulipinga. Lile tundu wameliziba kwa kipande cha nailoni na gundi, na wanaliita dirisha la Bi Mwanamvua.

Wiki ile ya kwanza nilijifungia ndani. Ua sikuufunga tena, sikuwa na nguvu ya kushika makuti. Alfajiri moja nikasikia nyayo uani, nyingi, na ndoo zinagongana, nikachungulia. Kumbe kwa Mwanakombo hakuna kisima. Wanakuja kuchota kwangu, wanapita pale ua ulipolala, wanakaa ukingoni kusubiri zamu, wanasema yao. Mwanakombo akaja mbele na sufuria ya uji, akaiweka barazani kwangu, kama kawaida yake hakupiga hodi, akakohoa, khe khe.

Nikafungua mlango nikatoka.

Ua ule sitaufunga tena. Ubani nafukiza bado, chumbani, kwenye kuta za udongo zisizopitisha mwanga. Na wakija asubuhi na ndoo zao nakohoa mie kwanza, kabla yao, kisha nawauliza nani ana zamu.