Taa ya Kijani Kando ya Kitanda

Mtaani walimwita Mama Vitambaa, na jina hilo hakusingiziwa. Kila kitu chenye waya nyumbani mwake kilivaa. Redio ilikuwa na kofia ya uzi wa buluu, televisheni ilifunikwa shela kama bibi harusi, hata pasi ilikuwa na koti lake. Alifuma mwenyewe mchana kutwa, miwani ikimning'inia puani. Wenye ulimi mrefu walisema ipo siku atamfumia koti paka wa jirani, wala hawakukosea sana, maana paka huyo aliwahi kupimwa.

Kitu kimoja tu hakuthubutu kukifunika: kisanduku cheupe kando ya kitanda cha mumewe. Mume alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa utani tangu anapofungua jicho, na chini ya ngozi ya kifua chake madaktari walikuwa wamepandikiza kidude cha kuusaidia moyo usipotee njia. Kisanduku kilichukua habari za moyo kutoka kwenye kidude hicho, kikazipeleka kwa nesi wa kliniki kwa intaneti ya nyumbani. Taa ikiwa ya kijani, habari zimefika. Ikiwa nyekundu, hazijafika. Ni hilo tu, na nesi alilieleza taratibu, akarudia.

Lakini mwenye hofu husikia anachokiogopa. Mama Vitambaa alirudi nyumbani na imani yake mwenyewe: taa ya kijani ndiyo moyo, na mtandao ndio kamba inayoushikilia. Mumewe alipojaribu kumrekebisha alimwambia anyamaze, anachojua yeye ni malori tu.

Tangu hapo ruta, ile mashine ndogo ya sebuleni inayorusha waifai, ikalelewa kama mtoto mchanga. Kuigusa marufuku, kuizima ndiyo usiseme. Sasa siku moja binamu yake akaja kutembea, akaichomoa ili achaji simu. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini Mama Vitambaa alipiga yowe lililowatoa majirani nje. Binamu aliondoka bila kumaliza chai, na hakuna aliyemlaumu.

Mgeni akaondoka, hofu ikabaki. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Mama Vitambaa akajisemea, tahadhari kabla ya hatari. Akaivika ruta koti jipya zito, akaiingiza ndani ya sanduku kubwa la bati alimoweka nguo, waya zikipita kwenye tundu lililoliwa na kutu. Akalisukuma sanduku mpaka likaziba soketi ya ukutani, akatia kufuli, ufunguo akautundika shingoni. Haya, aje sasa huyo wa kuchomoa!

Alipoingia chumbani kumpa mumewe habari hizo njema, taa ilikuwa nyekundu.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Mume alikuwa macho, akamuuliza kuna nini. Akajibu hakuna kitu. Jioni ile yote aliikodolea macho taa, akiiomba, akiibembeleza, akiahidi hiki na kile. Mume alisema anasikia kifua kizito kidogo. Mama Vitambaa akamwambia asubiri, anashughulikia taa. Kwa nesi hakupiga simu, maana aliogopa atakaloambiwa, na mtu akiogopa jibu haulizi swali.

Asubuhi taa ilikuwa vilevile. Mume aliacha chai ikapoa, akahangaika na kandambili yake mpaka akaiacha, akakaa mguu mmoja peku. Mama Vitambaa alimruka ule mguu akatoka kwenda kumwita Fundi Antena, jirani yao wa nyumba ya pembeni, aliyeishi kwa kutengeneza televisheni na mitandao ya watu.

Fundi alikuja na maneno yake mengi. Kwanza akaishika simu yake katikati ya sebule, akasema waifai ipo ila inapumua kwa shida. Akaingia nayo chumbani, ikapotea kabisa. Basi, akasema, kampuni haina kosa, waya wa nje hauna kosa, ugonjwa uko humu humu ndani. Akauliza ruta iko wapi. Akajibiwa iko mahali salama. Fundi akasema sawa, tuanze na dawa ya kwanza: tuizime, tungoje kidogo, tuiwashe.

Mama Vitambaa alisimama mbele ya sanduku, mikono kaitanua.

"Ukiizima, mume wangu anakufa," alisema.

Aliyejibu ni mume mwenyewe, aliyekuwa amejikokota mpaka mlangoni na kuegemea fremu.

"Mama, moyo wangu uko kifuani. Zima."

Hakuongeza utani. Mama Vitambaa alivua ufunguo shingoni, ukamtetemekea kwenye kufuli. Akafungua sanduku, akamwita mumewe aje karibu, akamkamata kifundo cha mkono kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akauchomoa waya kwenye ruta. Vitaa vyote vikafa. Alifumba macho. Chini ya vidole vyake mshipa ulikuwa unarukaruka, unatulia, unarukaruka tena, naye akadhani ni mkono wake unaotetemeka. Alipofumbua, mume alikuwa bado amesimama.

Fundi alikuwa akilipigapiga sanduku kwa kiganja, anacheka.

"Bati, mama! Waifai haipenyi bati. Umeifunga jela, halafu ukaivika na koti."

Akaitoa, akaivua, akaiweka juu ya kabati, uchi kama ilivyotoka kiwandani, akaiwasha. Wakaenda chumbani wote watatu. Taa ilibaki nyekundu kidogo, ikapepesa, ikawa ya kijani. Mama Vitambaa alilia na kucheka kwa pamoja. Akamwahidi fundi kifuko cha simu, rangi achague mwenyewe. Mume alikuwa amejilaza, mkono juu ya paji la uso.

Simu ikaita. Alikuwa nesi.

"Mama, habari za tangu jana zimeingia zote sasa hivi. Moyo unakwenda vibaya tangu jana jioni. Mzee amekuwaje?"

Chai iliyopoa ikamjia Mama Vitambaa akilini. Kandambili ikamjia, na kifua kizito, na ule mlango ulioegemewa. Yote alikuwa ameyaona, na hakuna hata moja alilolitazama.

"Nilikuwa naangalia taa," alisema.

Nesi akamwambia amlete sasa hivi, asingoje kitu. Fundi alikuwa ameshatoka mbio kutafuta gari.

Ndani ya gari alikaa nyuma na mumewe, amemshika tena kifundo cha mkono, na safari hii alijua ni mshipa wa nani unaorukaruka. Mume akamgeuzia uso.

"Huyu dereva wako wa malori," alisema, pumzi ikimkatika, "taa yake ni rangi gani?"

Mama Vitambaa alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu jana, wala hakuyaondoa macho.