Mama alisema ni upepo wa ziwa: namba mbili za uso ulioanguka

Amahoro wakuu.

Shule yangu ni ndogo, mnivumilie kwa mwandiko. Nitasema niliyoyaona. Penye kusahau nitasema nimesahau.

Wakati wa vita tulikaa Minago, kando ya ziwa, mama anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Siku moja bomu likaanguka karibu na soko, tukajificha kwenye michikichi. Kesho yake uso wa mama upande wa kulia ulikuwa umelala. Mdomo umeenda kando, jicho halifungi. Nyuma ya sikio iko kidonda, kidogo kama punje ya muhindi.

Mama mudogo akampaka mawese ya moto, akamfunga kitambaa kichwani, kikafunika masikio mpaka kwenye nyusi.

Muelewe jambo moja. Siku zile ukisema una kidonda cha vita, wenye bunduki wanakuuliza ulikuwa upande wa nani. Basi wengi wetu tulisema ni upepo wa ziwa.

Tulipofika hospitali ya Rumonge, dada mmoja muganga akauliza uso umepatwa na nini. Mama akajibu, "Upepo, muganga. Nimeamka hivi."

Dada akaandika namba kwenye karatasi ya mama. Kila ugonjwa ulikuwa na namba yake, na matibabu yalifuata namba. Akatupa vidonge, turudi nyumbani.

Simlaumu. Aliandika alichoambiwa.

Mlangoni mama akasema, "Twende, ndagala zitaoza."

Inzi akatua kwenye lile jicho. Mama akajaribu kupepesa, likabaki wazi. Akamfukuza kwa mkono.

Nilisita. Mimi wa darasa la sita nimwambie nini muganga? Na wakimchukua mama kwa maswali? Mpaka leo sijui kama nilifanya kwa ujasiri au kwa kuogopa lile jicho.

Nikarudi. "Samahani muganga, iko kidonda chini ya kitambaa."

Mama akanifinya. "We mutoto, nani kakuuliza?"

Dada akafunga mlango. Akafungua kitambaa polepole, akapangusa mawese.

"Mama, mimi siulizi nani amepiga. Nauliza nini kimekupata."

Mama akaangalia ule mlango uliofungwa. Halafu, "Chuma cha bomu. Pale sokoni."

Dada akakata namba ya kwanza. "Hii ni ya uso ulioanguka wenyewe. Wewe ni mushipa wa uso umeumizwa, iko namba yake. Kwa hiyo nakutuma kwa wanaopasua."

Gari la majeruhi likampeleka Bujumbura. Wakatoa kipande cha chuma kilichobana mushipa. Jicho likapona. Uso ulirudi, si wote: mama akicheka, upande wa kulia unachelewa kidogo.

Nilichojifunza, kama nimeelewa vizuri: muganga hatibu alichofichwa. Lakini kwa haki niseme pia, mama hakusema mpaka mlango ulipofungwa.

Yule dada sijamuona tena. Kama anasoma hapa, ajue mama yuko, bado anauza ndagala, na akilala anafunga macho yote mawili. Murakoze, asanteni sana.

Na nyinyi wakuu, kwenu nani alisema ni upepo?