Mguu Hauna Arobaini

Mkunga mstaafu wa zahanati yetu ya zamani, huko Kiranjeranje, amefariki. Tulimzika juzi baada ya alasiri. Mnajua sipendi kuwaliza wasomaji wangu, lakini leo mniwie radhi, maana mama yule tuligombana siku ya kwanza tu tuliyofahamiana, na nikashindwa vibaya.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kijana mwenye kimbelembele, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mkunga akaegemeza kile kidude chake cha bati tumboni, akatega sikio, akasikiliza weee! "Mtoto mzima?" nikauliza. "Moyo unapiga vizuri. Viungo sivioni, nisikudanganye." Nikamjibu ovyo, eti mtaalamu gani huyu! Mtoto akazaliwa nyumbani, wa kiume, wayo mmoja umepinda kwa ndani. Mama yangu akamfunika kanga upesi, akasema haonwi na mtu mpaka arobaini, majirani wasije wakatusema. Nami, mwalimu mzima, nikaona aibu, nikanyamaza. Mke wangu ndiye aliyemtumia mkunga salamu kwa siri.

Siku ya saba huyo akaja. Mama yangu akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzazi hajatoka ndani."

"Najua, mama. Lakini mguu hauna arobaini. Leo bado ni laini, unanyooshwa kwa mkono. Ukikomaa hivyo, mjukuu wako atachechemea maisha yake yote." Kisha akanigeukia. "Na wewe mwalimu, umekaa tu?"

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Nikainuka, nikamwomba mama atupishe. Mkunga akaunyoosha kidogo kidogo, akaufunga bendeji, akawa anarudi kila wiki mpaka hospitali ya Lindi ilipomalizia kwa plasta.

Mwaka huu mke wa mwanangu huyo alipigwa ultrasaundi, nayo ikaonyesha mguu wa mtoto umepinda. Alirudi analia. Tukampeleka kwa mkunga, ambaye tayari alikuwa hoi kitandani. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akacheka. "Kumbe siku hizi wanaonekana hivi! Usilie, mwanangu. Mimi mguu wa mumeo niliujua siku saba zimeshapotea. Wewe una miezi minne ya kumtafuta daktari."

Juzi mwanangu alishika jeneza tangu nyumbani hadi makaburini, watu wakitaka kumpokea akawa anakataa. Nilitembea nyuma yake nikiitazama miguu ile, machozi yakanitoka, na safari hii sikuona aibu. Funzo nililobaki nalo ni dogo: jambo likishaonekana, tusilifunike. Daktari wa mifupa tumeshampata, mjukuu wangu ataonwa wiki atakayozaliwa, na mlango nitaufungua mimi.